Siku Tuliyotangazwa Kuwa Tumeondoka

Nchi yetu ni nzuri na sina malalamiko. Naanza hivyo ili msomaji asije akadhani nina kinyongo na mtu. Jina la nchi silitaji, wala si kwa woga. Mtukufu Rais amelibadilisha mara tatu tangu nizaliwe, na sina hakika kama hili la sasa bado linatumika.

Nilikuwa mpishi wa karantini. Mwaka ule ilipozuka homa ya shingo, serikali iliwakusanya wagonjwa wa wilaya yetu katika kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, chenye ukuta mrefu na lango moja la chuma. Homa yenyewe haikuwa ya kutisha ikitibiwa. Shingo inavimba, mtu anashindwa kumeza, anachomwa sindano siku kumi mfululizo, anapona. Tulikuwa na daktari na wauguzi wawili. Mimi nilipika uji asubuhi na maharage jioni. Wagonjwa walikuwa arobaini na wawili.

Alhamisi moja, saa saba mchana, tulikuwa uani tukisikiliza redio ya Mwalimu Hizza Shekivuli. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa miaka sitini na tano, shingo yake imeshanywea na alikuwa akingoja cheti tu arudi kwa mkewe. Kwa miaka ishirini na saba alifundisha somo la Kauli za Mtukufu. Alizijua kwa tarehe. Ukimwuliza Mtukufu alisema nini juu ya mihogo, atakuuliza, mihogo ya mwaka gani? Mtukufu akianza kuzungumza redioni, Mwalimu husimama wima, nasi husimama naye, wengine na mashuka yao mabegani.

"Wanangu wapendwa," redio ilisema, "naitangazia dunia, pamoja na sayari zilizo jirani, kwamba homa ya shingo imekwisha. Imekwisha leo saa sita na nusu. Karantini zote ni tupu. Wagonjwa wote wamekwenda nyumbani, na hivi ninavyosema wako mkekani wanakula na familia zao."

Nilitazama sufuria ya maharage. Bado ilikuwa jikoni, ikichemka.

Watu walipiga vigelegele. Remija, binti wa miaka ishirini na minne aliyekuwa akiuza vitumbua sokoni, alicheka huku ameshika shingo, maana alikuwa na siku nne tu kambini na bado kucheka kulimwuma. Kila mtu alifunga mzigo wake. Mwalimu alitangulia na redio, tukaenda langoni kama watu wanaokwenda harusini.

Mlinzi wetu, Koplo Masatu, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza.

"Nyumbani," alisema Mwalimu. "Hujasikia redio?"

"Nimesikia. Mmeshakwenda."

"Ndiyo tunakwenda, Koplo. Fungua."

Koplo alishuka kwenye kigoda. Alikuwa mtu mpole na hakupenda kubishana na wazee. "Mwalimu, nisaidie wewe uliyesoma. Nikifungua sasa, mkatoka watu arobaini na wawili saa saba na robo, ina maana saa sita na nusu mlikuwa ndani. Sasa hapo nani atakuwa amesema uongo?"

Mtu mmoja alianza kukohoa, akajizuia.

"Mimi nina mke na watoto watano," alisema Koplo, akarudi kwenye kigoda.

*

Jioni ile ilikuja gari kuwachukua daktari na wauguzi, kwa kuwa daktari asiye na wagonjwa anahitajika kwingine. Walichukua na sanduku la dawa. Remija alilifuata gari mpaka langoni akimwambia daktari, "Mimi bado sindano sita, dokta. Niachie hata mbili." Daktari aliinamisha kichwa na kujifanya anatafuta kitu miguuni pake. Mimi sikuchukuliwa. Vibarua wa jikoni hatukuwa kwenye orodha.

"Ni hitilafu ndogo ya utekelezaji," Mwalimu alitueleza. "Mtukufu amesema kweli, ila amewahi kidogo. Tusubiri, hali itamfikia."

Jumamosi tulipata mgeni. Alijitambulisha kuwa ni Kasimiri Lumuli, Ofisa wa Utekelezaji wa Kauli. Kazi yake, alisema, ni kuzunguka nchini akihakikisha kwamba mambo yanalingana na yaliyosemwa. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa na alitusalimia kwa adabu sana, huku akitazama juu kidogo ya vichwa vyetu.

"Ndugu msiokuwepo," alianza. "Serikali inawapongeza kwa kuondoka kwa amani na utulivu. Mmeonyesha mfano. Sasa tunawaomba mwendelee hivyo hivyo kwa muda mfupi, mpaka utaratibu utakapopatikana."

"Utaratibu gani, mheshimiwa?" aliuliza mtu.

"Wa kuwatoa bila nyinyi kutoka."

Mwalimu alinyoosha kidole kama mwanafunzi. "Na chakula? Mpishi wetu ana maharage ya siku tatu."

Lumuli alisikitika kweli, niliona. "Kupeleka chakula mahali pasipo na mtu ni kuhujumu mali ya umma, Mwalimu. Watu wamefungwa kwa hilo."

Alipoondoka, nilipunguza kipimo. Siku ya tano tulikula ukoko.

Waliotuokoa ni jamaa zetu. Walikuja ukutani na vikapu, Koplo akawazuia, maana hawezi kuruhusu chakula kiingie kwa watu wasiokuwepo. Wanawake walilia, wakamtukana, wakamshika miguu. Mwisho Koplo alikaa chini akafikiri, akachukua chaki, akaandika ukutani, MAHALI PA KUTUPA TAKA. Hakuna sheria inayokataza raia kutupa taka zake. Basi kila siku saa kumi tulisimama upande wa ndani, na kutoka angani zilishuka chapati, mihogo iliyofungwa majanini, chupa za chai zilizoviringishwa matambara. Mama yake Remija alitupa uji mzito ndani ya galoni, kwa sababu alijua mtoto hawezi kumeza kigumu.

"Remija!" aliita toka nje.

"Mama!"

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Usilie."

Mkewe Mwalimu, Bi Namkunda, naye alikuja kila siku. Siku moja alitupa bahasha iliyofungwa kwenye jiwe. Mwalimu alikuwa amemwandikia Mtukufu barua, kurasa nne, mwandiko wa ubaoni, akimweleza kwa heshima kwamba maofisa wa chini hawajamfikishia hali halisi ya kambi. Koplo aliitia posta mwenyewe. Sasa lilikuwa limefika jibu, nalo lilipelekwa nyumbani kwa Mwalimu.

Alitusomea kwa sauti. "Mtukufu amefurahi mno kupata barua yako ukiwa nyumbani na familia. Anakutakia mapumziko mema na anakuomba umsalimie mama."

"Nimeshasalimiwa!" Bi Namkunda alipiga kelele toka nje. "Sasa unatoka lini, Baba Salehe?"

Mwalimu aliikunja barua. "Barua yangu haikumfikia," alisema. "Imeishia kwa makarani. Mtukufu hawezi kuandika hivi akijua."

*

Remija alizidiwa wiki ya tatu. Shingo ilijaa mpaka kidevu kikapotea. Tulimpa maji ya chumvi, tukamkanda kwa kitambaa cha moto, na dobi mmoja, naye mgonjwa, alimsomea dua na mwingine akamsalia rozari. Mwalimu alikwenda langoni mara nne kwa siku moja.

"Koplo, mwite daktari."

"Nimwambie nini, Mwalimu? Nani anaumwa?"

"Remija. Unamjua. Unasikia anavyokoroma kutoka hapo ulipo."

Koplo Masatu aliweka viganja masikioni. Simkejeli. Alikuwa akilia.

Remija alifariki Jumanne asubuhi, jua limeshapanda, kabla sijagawa mabaki ya jana. Koplo aliingia na jembe lake mwenyewe na kutusaidia kuchimba nyuma ya bohari ya pamba tulimolala. Tulipomaliza alitukusanya.

"Jambo hili lisivuke ukuta," alisema. "Aliyekwenda nyumbani hawezi kufia hapa. Lumuli akipata habari kwamba huku kuna maiti, atakuja kufunga jalala, nanyi mtakufa wote kwa njaa. Mnanielewa?"

Tulimwelewa. Saa kumi mama yake alikuja na galoni.

"Remija!"

Tulitazamana. Galoni ilivuka ukuta ikaanguka miguuni pangu.

"Remija, mama!"

Koplo alisema kutoka langoni, "Remija ameshakwenda nyumbani, mama."

"Nyumbani kwa nani? Mimi natoka huko sasa hivi. Hajafika."

"Imetangazwa, mama."

Kesho yake yule mama alileta galoni nyingine, na kesho kutwa nyingine. Tuliunywa ule uji. Nasema ilivyokuwa.

Mwalimu hakuunywa. Mara mbili nilimwona amesimama ukutani ameufungua mdomo, kisha akaufunga. Nilimwuliza kwa nini hamwambii yule mama.

"Kuna watu arobaini na mmoja humu, Mpishi, na wewe," alinijibu. "Na tena jambo hili anapaswa kulijua Mtukufu kwanza. Yeye ndiye atakayemwambia yule mama, mbele ya taifa, na kumwomba radhi. Hivyo ndivyo alivyo. Mwaka wa mafuriko aliomba radhi kwa ajili ya mvua."

*

Wiki ya sita Lumuli alirudi na habari njema. Mtukufu mwenyewe angekuja kuizindua kambi kuwa Mnara wa Taifa wa Afya Njema. Angesimama uani, awaonyeshe waandishi wa habari na mabalozi jinsi kulivyo tupu.

"Nyinyi mtakaa ndani ya bohari, mlango umefungwa, kimya kabisa," alisema Lumuli. "Mkinyamaza vizuri, mtatoka Jumatatu inayofuata. Nawapa neno langu, na neno langu limetokana na neno lake."

Wenzangu walikubali haraka. Mimi pia. Mwalimu Hizza alikubali kuliko wote. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Remija afe, alikula. Kisha alikunja suruali yake vizuri chini ya godoro ipate kunyooka, na asubuhi ya ziara akaomba wembe wangu, akanyoa ndevu.

"Anakuja, Mpishi," aliniambia. "Hakuna karani katikati. Hakuna posta. Hatua kumi kutoka hapa."

Walikuja saa nne. Kupitia nyufa za mbao za bohari tuliona zulia jekundu, maikrofoni, viti vya mabalozi, na vijana wawili wakifagia nyayo zetu mchangani. Mtukufu alikuwa mfupi kuliko kwenye noti. Alivaa joho la kijani na alitembea polepole kama mtu anayeumwa goti.

"Tazameni," alisema kwenye maikrofoni, na mkono wake ulizunguka ua mzima. "Adui yuko wapi? Homa iko wapi? Nilisema imekwisha, ikakwisha. Mimi nikisema, magonjwa husikia."

Makofi. Hapo ndipo Mwalimu alipoinua ubao uliolegea nyuma ya bohari, akapita kwa ubavu, akatoka. Hatukuthubutu kumshika kwa sababu tungepiga kelele. Alitembea katikati ya ua akiwa amenyooka, shati jeupe, viatu mkononi, maana hakutaka kuchafua zulia. Alisimama mbele ya Mtukufu, akainama.

"Shikamoo, Mtukufu. Mimi ni Mwalimu Hizza Shekivuli. Nimefundisha kauli zako miaka ishirini na saba. Nimekuja kukuarifu kwamba tumo humu ndani watu arobaini na mmoja, bila dawa wala chakula. Binti mmoja, Remija, amefariki. Wasaidizi wako hawakukwambia."

Mabalozi waliangalia kucha zao. Waandishi walishusha kalamu. Lumuli alikuwa amegeuka rangi ya suti yake.

Mtukufu alimtazama Mwalimu kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa wa hasira hata kidogo. Kisha aliifunika maikrofoni kwa kiganja. Lakini kiganja cha mzee kina mianya, na vipaza sauti vilikuwa vizuri, vya kukodi. Tulisikia sote bohari nzima.

"Najua, mwalimu wangu," alisema taratibu. "Najua tangu siku ile. Lakini nimeshasema."

Kisha akaongeza, "Sogea kidogo kushoto. Unaingia kwenye picha."

Mwalimu alisogea kushoto.

Mtukufu aliondoa kiganja. "Kama mnavyojionea wenyewe," aliendelea, "hakuna hata mtu mmoja."

Makofi yalipigwa tena, marefu kuliko ya kwanza.

*

Hawakumpiga Mwalimu. Mtu asiyekuwepo hapigwi. Koplo alimrudisha bohari kwa kumshika kiwiko, naye Mwalimu akakaa kitandani na viatu vyake mapajani mpaka jioni. Nilimpelekea chai ikapoa.

"Aliposema najua," aliniuliza mwishoni, "wewe ulisikia vipi? Labda alisema nitajua."

"Alisema najua, Mwalimu."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Alitikisa kichwa. Tangu hapo nilimwona mtu akibomoka kwa utaratibu, kama mwalimu anayefuta ubao kuanzia mstari wa juu. Alikumbuka mafuriko, akasema, kumbe kile kijiji ambacho redio ilisema kimehamishwa hakikuhamishwa. Alikumbuka wanafunzi wake walioandikishwa kwenda kusoma ng'ambo, ambao redio ilisema wamefurahi huko mpaka wamesahau kuandika barua. Aliwataja kwa majina, kumi na wanane, na madawati waliyokalia. "Niliwasomea wazazi wao ile kauli mwenyewe," alisema. "Nilisimama mbele yao nikaisoma."

Redio alinipa mimi. Ikatokea asubuhi moja ikasema, leo ni Jumanne.

"Mpishi," aliniita, "hebu nihesabie. Ni Jumanne kweli?"

Nilihesabu kwa vidole. Ilikuwa Jumanne. Aliniomba nihesabu tena.

Na si yeye peke yake. Redio ilipotangaza kwamba Jumatatu lango la Mnara wa Afya Njema litafunguliwa, hakuna aliyefunga mzigo. Walicheka tu na kugeukia ukuta. Jumatatu saa tatu, lango lilifunguliwa kweli, mabawa yote mawili. Tulikaa vitandani tukiliangalia. Barabara ilionekana, mbuzi wakipita, jamaa zetu wamejipanga upande wa pili, na hakuna aliyenyanyuka, kila mtu akingoja mwenzake aende akaone mtego uko wapi.

Lumuli aliingia na meza ndogo na daftari jipya.

"Utaratibu umepatikana," alitangaza. "Kila mmoja atatia saini kwamba aliondoka hapa ile Alhamisi, saa sita na nusu mchana. Akishatia saini, anapita."

Huo ndio ulikuwa mtego, na kwa kuwa sasa tuliuona, watu walishusha pumzi na kupanga foleni. Dobi alitia saini. Waliofuata walitia saini. Mimi nilitia saini, ingawa saa sita na nusu ya Alhamisi ile nilikuwa nikichagua mawe kwenye maharage. Nina watoto watatu.

Mwalimu alikuwa wa mwisho. Lumuli alimpa kalamu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, wewe utatusaidia na sehemu mbili. Yako, na hii hapa ya yule binti. Wagonjwa wote arobaini na wawili waliondoka, kwa hiyo lazima zitimie saini za wagonjwa arobaini na mbili. Mwandiko wako ni mzuri."

"Nimtilie saini Remija kwamba alikwenda nyumbani?"

"Saa sita na nusu."

Bi Namkunda alikuwa nje ya lango, hatua chache tu, kitenge kipya kiunoni. "Andika tu, Baba Salehe," alisema. "Ni karatasi. Twende nyumbani, mume wangu. Nimeshasimama hapa siku hamsini."

Mwalimu alimtazama mkewe. "Mama Salehe, siku yule mama akija kuuliza nani alisema mwanangu ametoka hapa mzima, ataonyeshwa mwandiko huu. Ataamini, kwa sababu ni mwandiko wa mwalimu."

Aliinama akaandika polepole. Lumuli aliligeuza daftari asome, na nilikuwa karibu, nikaona. Jina la Remija, siku aliyofariki, na mahali alipolala, nyuma ya bohari. Chini yake Mwalimu aliandika jina lake na tarehe ya siku ile ile, Jumatatu.

Lumuli aliuchana ukurasa ule wa mwisho taratibu, kwa kufuata mshono ili daftari lisiharibike. "Basi wewe hujaondoka, Mwalimu," alisema kwa masikitiko. "Koplo, watoe waliokwisha kwenda."

Tulitoka. Mama yake Remija alikuwa amesimama pale pale barabarani, na galoni mkononi, akimtazama kila anayepita usoni. Watu walipita wakitazama chini. Mimi nilikosea nikamtazama.

"Mpishi," aliniambia, "wewe ndiye uliyekuwa ukiwapa chakula. Remija yuko nyuma?"

Koplo alikuwa ananitazama. Lumuli alikuwa ananitazama, daftari kwapani.

"Alishatoka, mama," nilisema. "Siku nyingi."

Nyuma yangu lango lilifungwa. Kisha nilisikia sauti ya Mwalimu kutoka ndani, ile sauti ya darasani ambayo sikuwahi kuisikia tangu siku ya Mnara.

"Mama Remija! Usiende! Njoo hapa ukutani, nikwambie mimi."

Mama yule alinitazama tena, kisha akanipa kisogo. Alitembea mpaka ukutani, akaweka sikio kwenye matofali. Bi Namkunda alikwenda akasimama karibu naye na kumshika bega. Mwalimu alizungumza muda mrefu, kwa sauti ya chini, na sikusubiri mwisho.

Mimi na mama huyo tunakaa mtaa mmoja, nami siku hizi nina kiduka pale. Hununua vitu vyake duka la mbali, akipita mlangoni kwangu hunijibu salamu, ni mtu mwenye adabu. Ila juzi mvua ilipoanza kudondoka nilimwambia, mama, ingia ndani, mvua. Alitoa mkono nje ya khanga yake kwanza aone kama ni kweli, akaukinga, akangoja matone yauloweshe.